Komeo la Nje

Kuna mlionitumia ujumbe wiki iliyopita mkisema nina roho ngumu, eti nimeweza kumwangalia matroni wa bweni usoni nikamdanganya bila kupepesa macho. Leo mtabadili maneno. Mimi ni mwoga, na nilidanganya kwa sababu ya woga.

Kwa aliyepitwa: dada yangu alimkimbia mumewe. Alinigongea mlango wa bweni akiwa amefunga mkono kwa kitambaa cha kichwani, na vidole vinavyochungulia vimevimba. Alikuwa ameshapita kwa mama. Mama alimwambia ndoa zote ziko hivyo, akampa nauli ya kurudi kwa mumewe. Dada akaitumia nauli hiyo hiyo kuja kwangu.

Wakati huo nilikuwa nalala chumba cha watu wanne. Kubebana, yaani kumlaza kitandani kwako mtu ambaye hakupewa chumba, ni jambo la kila siku kwetu wanafunzi. Tatizo ni kwamba wenzangu wale watatu midomo yao haina breki, na shemeji yangu ana marafiki kila kona. Alishamwapia dada mbele ya majirani kwamba akiondoka atamfuata, na kwamba safari hiyo haitakuwa ya mkono tu.

Nilihitaji chumba cha mtu mmoja. Vyumba hivyo viko mwisho wa korido, ghorofa ya tatu, na hupewa wagonjwa peke yao. Basi nikamwambia matroni kwamba natembea usingizini. Nikamwambia nafungua milango, napiga mayowe, na kwamba niliwahi kumkaba mwenzangu nikiwa ndotoni. Nilipoona ananiamini, nikaongeza chumvi: hata nikilala mchana, mambo ni yale yale. Matroni akanishika bega, akanipa ufunguo. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Chumba chenyewe ni kitanda, meza, sinki na kabati la ukutani. Dirisha lina nondo. Dada alijifunza kutembea ameinama ili asionekane kutoka jengo la pili, na kuoga wakati wengine wako vipindini. Mimi nilikuwa nabeba chakula cha wawili kutoka kantini, mpaka mpakuaji akanitania.

"Binti, unakula hivi kila siku? Umebeba mapacha?"

"Nakua bado," nikamjibu.

Jambo moja dada alikataa kuliacha. Kabla hajaolewa alikuwa mtandikaji vitanda kwenye nyumba ya wageni. Kila asubuhi alinifukuza kitandani, akavuta shuka mpaka likanyooka kama ubao, akakunja pembe za chini kwa mkunjo wa bahasha. Juu yake taulo, limekunjwa mara tatu, ukingo ukitazama ukuta.

"Dada, nani anakuja kukagua?"

"Sasa nishinde nafanya nini? Nizungumze na sinki?"

Nikamwacha. Laiti ningemzuia siku ile ile.

Siku moja nilipotoka kipindini nilimkuta jirani yetu wa mlango wa pili ananingoja koridoni. Tunamwita Redio, na hilo halihitaji maelezo. Nilikuwa nimeshika simu iliyozima, maana soketi ya chumbani kwangu ilikuwa imeungua.

"Lete nikuchajie," akasema, akaichukua. Halafu akasogea karibu. "Pole, shoga yangu. Matroni ametukusanya korido nzima. Tumeambiwa yote."

"Yote yapi?"

"Ugonjwa wako. Kasema mtu ukimshtua akiwa kwenye hali ile anaweza akafa, au akakuua wewe. Ukipiga kelele tusifungue mlango. Hata ukitutaja kwa majina, tusifungue, twende tukamwite yeye."

Nikashusha macho kama mgonjwa wa kweli. "Asanteni sana."

"Na usione aibu. Tunakuombea."

Niliingia ndani nikamsimulia dada kwa kunong'ona. Alicheka. Aliuweka uso kwenye mto akacheka mpaka mabega yakatikisika, na mimi nikacheka kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje.

"Basi tuko salama," akasema. "Wakisikia sauti watajua ni wewe na mashetani yako."

Niliona Mungu ametukumbuka. Ndivyo nilivyo mjinga.

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, mlango uligongwa. Haukugongwa kwa ishara yetu ya siri. Uligongwa na mtu mwenye funguo, na funguo za matroni husikika kabla yake.

Dada akaingia kabatini, akaketi juu ya viatu vyangu. Nikaurudishia mlango wa kabati taratibu na kufungua ule wa chumba.

"Mwanangu, hujambo?" Matroni alikuwa anahema kwa ngazi. "Sikupata usingizi kwa ajili yako."

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikia. Kufuli yako inafungukia ndani. Ukiwa kwenye hali yako unaweza kuifungua ukatoka, na ngazi zetu unazijua. Nilishawahi kumpokea mzazi aliyekuja kuchukua sanduku la mwanawe kwa sababu mwanawe hakuwepo tena. Sitaki kumpokea mwingine. Kwa hiyo tunaweka komeo kwa nje. Kila jioni nitakuja mwenyewe kukufungia, na alfajiri nitakufungulia."

Ningekataa kwa maneno gani? Uongo ni wangu, na mama wa watu ananipenda.

"Fundi, karibu," akaita.

Akaingia mwanamume amevaa ovaroli ya buluu, penseli sikioni, sanduku la vifaa mkononi. Aliinamisha kichwa kwa adabu.

Alikuwa shemeji yangu.

Nikaikalia meza, si kwa kupenda.

"Unaona anavyoshtuka na watu?" matroni akamwambia kwa huruma. "Ndiyo hali yenyewe. Lakini huyu fundi ni mstaarabu sana, mwanangu. Madirisha yote ya chini kayatengeneza yeye, na hata sauti yake huisikii."

"Nafanya kazi tu, mama," shemeji akasema.

Akapima mlango. Akaweka alama kwa penseli. Mimi nilikuwa naangalia kabati kwa pembe ya jicho, kisha najilazimisha nisiliangalie, kisha naliangalia tena. Matroni alisimama pale akitoa maelekezo, na nikamwomba Mungu asiondoke.

Simu yake ikaita. Bomba limepasuka mabafuni, maji yameingia stoo ya magodoro.

"Jamani! Fundi, malizia. Mlango ubaki wazi mpaka umalize, unajua sheria zetu."

"Nazijua, mama."

Funguo zikalia koridoni, zikalia kwenye ngazi, zikapotea.

Shemeji alikuwa ameshika skrubu kwa midomo. Alizitoa moja moja, akiziingiza kwenye ubao bila haraka.

"Hata salamu hunipi, shemeji?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Au chakula mnagawana?"

Nikageuza uso dirishani.

"Muda wote wa sekondari ulikaa nyumbani kwangu," akasema, akikaza skrubu. "Nilikuwa nakuona unavyolala. Kama gogo. Upepo uliezua bati juu ya kichwa chako, asubuhi ukauliza kwa nini kuna mwanga. Sasa matroni ananiambia kuna mwanafunzi anatembea usingizini, ananitajia na jina lake. Nilicheka peke yangu."

"Ugonjwa umenianza huku."

"Ndiyo. Unaanza pale mtu anapotaka chumba cha peke yake." Akapuliza vumbi la mbao. "Mtu akimkimbia mumewe anakwenda kwa mama yake au kwa mdogo wake. Kwa mama nimefika, amenipokea vizuri. Ukabaki wewe. Nikasema niombe kibarua hapa, nitengeneze madirisha, nione atapita lini."

"Sijamwona dada."

"Sikukuuliza."

Aliingia ndani. Alikiangalia kitanda muda mrefu. Kisha akapiga goti, kama mtu anayepima ubao, akapitisha kidole kwenye pembe ya shuka, juu ya ule mkunjo wa bahasha. Akaligusa taulo, ukingo uliotazama ukuta.

"Wewe ulikuwa hujui kutandika," akasema. "Kitanda chako kilikuwa kama kichaka."

"Nimejifunza."

"Kwa nani?"

Akainuka, akaenda mpaka kwenye kabati. Akaweka kiganja chake juu ya mlango wake, wazi, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Bawaba hii imelegea. Nikaze?"

"Matroni amesema komeo tu."

"Kweli. Kazi niliyotumwa ni komeo." Akaligonga kabati kwa kitako cha bisibisi, mara moja, polepole. Ndani hakukutoka hata pumzi. "Humo ndani joto lazima," akasema, na hakuwa anasema na mimi.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumrukia. Niliinuka mezani nikasimama tu, nimeshika ukingo wake, na ndiyo maana nawaambia mimi ni mwoga. Mtu mwenye roho ngumu hasimami tu.

Akarudi mlangoni. Akapaka grisi, akalisukuma komeo huku na huku mpaka likawa linateleza.

"Tulijaribu, basi," akasema.

Akatoka. Mlango ukafungwa. Komeo likateleza kimya mpaka likagota mwisho wake, na huo mgoto ndio mlio wake pekee nilioupata kuusikia.

Nikasukuma mlango. Haukucheza.

"Shemeji, fungua."

"Mwambie atoke kabatini, atakosa hewa." Sauti yake ilikuwa karibu na ufa wa mlango, ya upole. "Nakwenda kuleta gari. Nimeliegesha nyuma ya jengo. Nikirudi atatoka na mimi kimya kimya, mtu na mkewe, na wewe utabaki na chumba chako na masomo yako. Ukileta fujo namwambia matroni huumwi. Utafukuzwa hapa na chuoni, na dada yako nitamchukua vile vile."

Nikamsikia akikusanya vifaa. Hatua zake hazikusikika. Ana viatu vya mpira, havitoi mlio kwenye saruji.

Nikafungua kabati. Dada alikuwa amejikunja, magoti kidevuni, ameuma kitambaa cha mkono wake ili asitoe sauti. Nilimvuta nje. Alikuwa amelowa jasho.

"Amesema nini kuhusu gari?" akauliza.

"Hatufiki huko. Napiga kelele."

Nikaupiga mlango kwa viganja viwili. "Nifungulieni! Jamani, nifungulieni!"

Milango ikafunguka koridoni. Kandambili zikapiga sakafu.

"Imemshika!" Ilikuwa sauti ya Redio. "Mchana kweupe!"

"Redio, mimi niko macho! Vuta hilo komeo!"

"Mnaona? Anataja majina. Matroni alisema atataja majina."

"Kuna mtu anakuja kumchukua dada yangu! Amemvunja mkono, safari hii atamuua! Nakuomba, Redio!"

"Masikini," mwingine akasema, na nikasikia analia. "Leo anaota vibaya."

"Msimshtue! Ongea naye taratibu." Redio akasogea mlangoni, akanibembeleza kama anayebembeleza mtoto mchanga. "Shoga yangu, lala. Hakuna mtu. Ni ndoto tu. Lala."

Kila nilipozidi kusema kweli, ndivyo nilivyozidi kuumwa. Nilizitaja kozi zetu, siku yenyewe, kile tulichokula. Wakaanza kusali. Mmoja akasema aende kumwita matroni, mwingine akasema matroni yuko kwenye maji mpaka magotini. Simu yangu ilikuwa hatua chache kutoka kwangu, chumbani kwa Redio, ikijaa chaji vizuri. Simu ya dada tuliitupa sisi wenyewe, ili mumewe asimpate.

Nilipogeuka, dada alikuwa anavaa viatu.

"Unafanya nini?"

"Natoka naye." Alikuwa akijifunga kanga yangu kichwani kwa mkono mmoja. "Una mtihani wa mwisho. Mimi ndiye niliyekuletea balaa hili."

"Ukitoka atakuua."

"Labda hataniua."

"Dada!"

"Basi unataka nifanye nini?" akanifokea, kwa kunong'ona bado, kwa mazoea. "Niambie! Wewe ndiye msomi!"

Kule kunong'ona kwake ndiko kulikonifungua akili.

Tangu aje hakuwahi kutoa sauti ndani ya chumba kile. Korido nzima ilijua kwamba nyuma ya mlango wetu kuna mtu mmoja. Mgonjwa mmoja anaweza kulia, kuomba na kutaja majina. Hawezi kuwa na sauti mbili kwa wakati mmoja.

"Ongea," nikamwambia. "Kwa nguvu. Ongea wakati mimi naongea."

Akarudi nyuma. "Watanijua. Kesho mji mzima utajua niko wapi."

"Anayekutafuta ameshajua."

Alitikisa kichwa. Ndugu zangu, nimeona watu wakiogopa mbwa, wakiogopa matokeo, wakiogopa giza. Sijawahi kuona mtu anaogopa sauti yake mwenyewe kama dada yangu siku ile. Midomo ilifunguka, ikafumba. Nikaelewa kwamba naye ananingoja mimi nitangulie, na kwamba nikitangulia sina pa kurudi. Chumba kitakwenda. Chuo huenda kikaenda. Mama yetu atauliza niliishi vipi na uongo huo.

Nikabandika uso kwenye mlango.

"Siumwi!" nikapiga ukelele. "Sijawahi kutembea usingizini hata siku moja! Nilimdanganya matroni ili nipate chumba, nimfiche dada yangu! Yumo humu! Yule fundi ni mumewe!"

"Ee Mungu, imepanda," Redio akasema.

Na hapo, nyuma yangu, dada alifungua kinywa. Ilitoka sauti nzito, ya mkwaruzo. Haikufanana hata kidogo na yangu.

"Mimi ni dada yake! Msikilizeni! Mimi ndiye mkubwa wake!"

Nami sikuacha. Nilikuwa namwita Redio kwa jina lake la kweli, juu ya sauti ya dada, na dada akipaza juu ya yangu, mpaka chumba kikajaa na masikio yakaniuma.

Kisha tukanyamaza kwa pamoja, tumeishiwa pumzi.

Nje, sala zilikuwa zimekatika.

"Wako wawili," Redio akasema, polepole. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliishia hapo.

"Fungua, Redio."

Nikasikia minong'ono, kisha mtu akasema, "Shikamoo, fundi," kwa sauti iliyokatika njiani. Halafu kandambili, nyingi, zikikimbia. Sikuweza kujua zinakimbilia wapi. Milango ikajifunga mmoja mmoja.

Nilimvuta dada nyuma yangu. Maisha yangu yote yeye ndiye husimama mbele, tangu tuko wadogo, na hata pale alitaka kunipita. Nilimshika mkono ule wa kitambaa, akaguna kwa maumivu, lakini akabaki. Kwa mkono mwingine nikaokota bisibisi ambayo shemeji aliisahau kando ya kabati. Ilikuwa inateleza kwa jasho langu.

Nilitega sikio. Matroni, funguo zake hulia kabla yake, sikusikia funguo. Redio, kandambili zake hupiga sakafu, sikusikia kandambili. Aliyekuwa amesimama nje ya mlango wetu hakuwa na mlio wowote.

Komeo halikulia lilipovutwa. Lilikuwa limepakwa grisi vizuri. Niliona tu mlango ukilegea, na mstari wa mwanga ukisimama pembeni mwake, ukianza kupanuka.

Mimi ni mfupi. Nilichokiona kwanza ni viatu vya mpira. Dada ni mrefu, yeye aliona uso, juu ya bega langu. Mkono wake ukakakamaa ndani ya mkono wangu, na bila kunong'ona tena akasema:

"Kumbe ni wewe."